Kigae Kinacholia

Niseme mapema kabla hujasikia kwa mwingine: kosa lilikuwa langu. Halikuwa la aliyechora ramani wala la aliyeuza vigae. Hata Katibu wa hospitali simtwishi hilo, ingawa naye ana lake na nitamfikia. Mimi ndiye niliyelipigia magoti, nikalipima kwa pimamaji, nikalisugua mpaka likang'aa. Lilikuwa kosa lililonyooka kabisa, na sijui fundi mwingine ambaye angelilaza vizuri kuliko mimi.

Kazi yangu ni kutandaza vigae. Nimeifanya miaka thelathini na moja, na magoti yangu hunikumbusha hesabu hiyo kila asubuhi. Sijisifu kwa mengi, ila mawili tu: maji hayatuami kwenye sakafu yangu, na kigae changu hakilii. Asiyejua kazi hii atauliza kigae kinaliaje. Ukikilaza na saruji isijae chini yake, panabaki utupu ambao macho hayauoni. Ukikigonga kwa kitako cha mwiko, kilichoshika kinatoa sauti fupi, nzito. Chenye utupu kinalia kama debe. Fundi mwenye haya hugonga vigae vyake kimoja kimoja kabla ya kukabidhi kazi. Kwa jengo hili ninalotaka kusimulia, nilikuwa sijagonga bado. Hilo nalo liandikwe.

Lilikuwa jengo jipya la mapokezi la hospitali yetu kubwa. Lina ukumbi mpana, kaunta ya usajili, lifti, ngazi za kushuka maabara, na upande wa kulia korido yenye milango sita inayofanana. Mlango wa nne ni chumba cha simu. Nilikuwa nimekwisha kutandaza vigae vya kijivu kila mahali, ndipo nikashushiwa maboksi ya vigae vya njano. Baadhi vilikuwa na mistari minne iliyoinuka, na vingine vilijaa vinundu vya mviringo. Sikuwahi kuviona maishani. Ramani ilikuwepo, sikatai. Ilionyesha mstari mwembamba wa njano ukitoka mlangoni, ukikata ukumbi, ukipinda huku na huku. Niliitazama nikaona huyu mchoraji hana jicho. Ukumbi mzuri namna ile, halafu uukwaruze kama mtoto aliyeokota chaki?

Basi nikatengeneza jua.

Katikati ya ukumbi niliweka duara la vinundu, na kutoka kwenye duara nikatoa miale kumi na miwili ya mistari. Mwale mmoja ulifika mlangoni, mwingine ukaishia ukutani, mwingine ukagota kwenye nguzo. Nilitumia siku tatu. Katibu alipoingia alisimama, akashika kiuno, akatikisa kichwa.

"Fundi," akasema, "wewe si fundi tena. Wewe ni msanii."

Kichwa kikanivimba. Wauguzi walikuja kupiga picha wakiwa wamesimama juu ya jua langu. Jioni nilimsimulia mke wangu mpaka akaniomba nimwache ale.

Alhamisi asubuhi akaingia Mama Simu.

Sauti yake inajulikana mji mzima, sura yake wanaijua wachache. Ukipiga simu hospitali ni yeye anayepokea, huu ni mwaka wa ishirini na tatu. Ana namba za ndani mia tatu na arobaini kichwani. Anajua daktari gani anapatikana chumba cha upasuaji na yupi atakuwa kantini anajifanya hayupo. Na simu kwake hailii mara ya tatu. Inalia mara moja, ikizidi sana mara mbili, kisha unasikia, "Hospitali, nikusaidie?" Haoni tangu utotoni. Chumba chake kilikuwa kinahamia jengo jipya Jumatatu, na siku ile alikuja kujifunza njia. Alikuja peke yake, mwanamke mfupi wa makamo, viatu vimepigwa rangi vikapigika, begi begani, fimbo nyeupe mkononi.

Nilikuwa nafuta vumbi karibu na kaunta. Nikaona ncha ya fimbo yake imegusa mwale wa mlangoni, na uso wake ukakunjuka. Akaufuata kwa kasi, kasi ya mtu aliyeahidiwa jambo na kuliamini. Alipofika kwenye vinundu akasimama wima. Akanyoosha fimbo mbele, kushoto, kulia.

"Kuna mtu hapa?"

"Nipo, dada. Fundi wa vigae."

"Habari za kazi, fundi. Mbele yangu pana nini? Ngazi?"

"Hapana kitu, dada. Sakafu tu. Pita."

"Sasa mbona umenisimamisha?"

Sikumwelewa. Akachagua mwale mwingine, akaufuata, fimbo ikagonga ukuta. Akarudi, akashika wa pili, ukampeleka kwenye nguzo. Wa tatu ulimrudisha mlangoni alikoingilia. Pale akaegemea fimbo yake akaanza kucheka.

"Fundi, hebu niambie. Umechora nini hapa?"

"Jua," nikasema. Neno lenyewe lilinitoka likiwa dogo.

"Jua!" Akajifuta machozi kwa kiganja. "Nimezunguka juani asubuhi yote hata jasho halijanitoka."

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemtajia mgeni njia. Mistari inasema nenda. Vinundu vinasema simama, mbele kuna jambo, labda ngazi, labda mlango, labda mahali pa kukata kona. "Haya ni maandishi, fundi. Tunayasoma kwa fimbo na kwa nyayo. Wewe umeniandikia simama, simama, simama mahali pasipo na kitu, halafu ukaniandikia nenda ukajigonge ukutani."

Mimi nikikosolewa hupandwa na hasira. Mke wangu husema nagombana hata na mvua. Nikamjibu, "Dada, nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Sakafu hii haina kasoro."

Hakubishana. Alirudi hatua mbili, akagonga kigae cha kijivu kwa ncha ya fimbo, kisha cha jirani yake.

"Hiki kimeshika," akasema. "Hiki hakikushika. Na pale karibu na sauti yako nimepita viwili vingine."

Nilichukua mwiko wangu kwa dharau, nikapiga magoti, nikagonga. Kikalia. Nikaenda kwenye vile viwili, navyo vikalia. Ilinikata maini, nakwambia. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, na sioni haya kukisema: nilimvulia kofia. Miaka yote ile nilidhani ni mafundi tu wanaosikiliza sakafu, na hata miongoni mwetu wengi hawajui. Huyu alikuwa anasikiliza akiwa anatembea, anaongea, na anacheka. Tukauzunguka ukumbi pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na mwiko wangu. Tukapata saba. Mimi peke yangu ningepata vitano, na hapo ningejipongeza.

Tulipomaliza nikamgeuzia ndoo akakaa. Akatoa bahasha kwenye begi.

"Fundi, unasoma?"

"Nasoma, ila polepole."

"Polepole ndiko ninakotaka. Katibu alinisomea jana, lakini alisoma mbio. Nami nina wasiwasi na mtu anayesoma barua mbio."

Nikasoma. Barua ilisema Jumatatu saa tatu atakuja mkaguzi wa majengo kuona kama jengo linafuata sheria ya watu wenye ulemavu. Ikasema hospitali imekwisha kuweka vigae vya kuwaongoza wasioona, kama sheria inavyotaka. Siku hiyo mhusika ataombwa atembee kutoka mlango mkuu hadi chumba cha simu bila kushikwa mkono. Endapo itaonekana hawezi, pamoja na vigae hivyo kuwepo, hospitali itahesabiwa kuwa imetimiza wajibu wake, na mhusika atastaafishwa kwa heshima zote kwa ajili ya usalama wake mwenyewe.

"Rudia hapo pa vigae," akasema.

Nikarudia. Pamoja na vigae hivyo kuwepo. Vigae hivyo vilikuwa jua langu. Mwanamke huyu angepotezwa na sakafu yangu mbele ya mkaguzi, na wangeandika kwamba aliyepotea ni yeye.

"Katibu anajua kwamba vimekaa vibaya?"

"Hajui. Anaona njano, anadhani sheria imetimia. Si mtu mbaya, fundi. Ananihurumia." Neno hilo alilitamka kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye chakula. "Tangu mume wangu afariki anadhani nahitaji kupumzika. Nikapumzike na nini? Simu ile ikilia, upande wa pili kuna mama ana mtoto anatetemeka homa. Sauti ya kwanza anayoisikia ni yangu. Namwambia tulia, nakupatia daktari, nami nampatia. Ni mahali pangapi mjini hapa mtu kama mimi anaambiwa asante badala ya pole?"

Nikamuuliza sheria yenyewe inasemaje, na hapo ndipo nilipostaajabu. Anaijua yote kwa moyo. Mwanasheria wa chama chao cha wasioona alimsomea kwenye simu, saa za mapumziko, miezi mitatu, naye akaiweka kichwani pamoja na zile namba mia tatu na arobaini. Huitaja kama anavyotaja wodi.

"Kifungu cha tisa ni milango. Cha kumi na moja ni ngazi na lifti, hicho kirefu, hakikatiki. Cha kumi na nne ndicho changu. Hakisemi mfanyakazi alizoee jengo. Kinasema jengo limfae mfanyakazi, na limfae kabla yeye hajaulizwa lolote."

"Basi si umwambie Katibu vigae ni vibaya?"

"Atasema naogopa kupimwa. Nani aliyevilaza?"

"Mimi."

"Haya," akasema, akainuka, akakunja barua yake.

Usiku sikumsimulia mke wangu chochote, kwa hiyo akajua kuna jambo. Akanichokonoa mpaka nikasema. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Kwa hiyo jua lako limemchoma mtu. Ling'oe."

"Ni kazi ya siku tatu, mama watoto."

"Si ulilitengeneza kwa siku tatu?"

Ijumaa alfajiri nilikuwa pale na tindo na nyundo. Mlinzi alisikia kishindo, akampigia Katibu, na Katibu akafika shati limefungwa vifungo vibaya.

"Fundi! Umeingiwa na nini?"

"Mkataba unasema kigae kinacholia king'olewe na fundi mwenyewe. Vinalia, bwana Katibu."

"Vingapi?"

"Saba."

Akatazama rundo la njano miguuni pangu. "Hivi ni saba?"

"Ni saba na majirani zao." Kisha nikaona ujanja hautanifikisha mbali, nikamwambia ukweli. "Jua lenyewe ni kosa. Halisomeki."

"Halisomeki vipi? Linaonekana mpaka barabarani!"

"Linaonekana. Halisomeki."

Alinitazama kama mtu anayetafuta harufu ya pombe. Mwisho akanyoosha kidole. "Jumatatu saa tatu. Nikikuta shimo hapa, hutagusa sakafu ya hospitali tena, hii wala nyingine." Akaondoka huku akifungua vifungo ili avifunge upya.

Sasa sikia adhabu ya kujua kazi. Kigae kilicholazwa ovyo kinatoka kizima. Kilichoshika vizuri kinakufa mahali pake, hakitoki ila vipande. Na jua lile nilikuwa nimelilaza kwa mapenzi yangu yote. Mistari haikunisumbua, yalikuwepo maboksi ambayo hayajafunguliwa. Vinundu ndivyo nilivyokuwa nimevimaliza vyote kwenye lile duara, na vilivyotoka vizima vilikuwa kumi na sita. Duka likasema vingine ni wiki mbili.

Mama Simu alikuja Ijumaa baada ya zamu, na Jumamosi, na Jumapili kutwa. Mimi natandaza, yeye anatembea nyuma yangu akisoma. "Hapa mstari umeyumba, fundi." Nikipima kwa uzi nakuta umeyumba kwa unene wa kucha. Nilijaribu kununa, nikashindwa. Hata mlinzi aliyenichongea alianza kubeba ndoo.

Jumamosi nikamweleza habari ya vile kumi na sita. Akauliza ngazi zinahitaji vingapi.

"Vinane kwa upana wake wote."

"Weka vinane. Lifti?"

"Vinne."

"Weka. Na vinne pale njia inapokata kwenda korido."

"Vimekwisha, dada. Mlangoni kwako hakuna."

"Nimehesabu."

Hasira zikanipanda, safari hii kwa ajili yake. "Jumatatu anayepimwa ni wewe! Milango sita, yote mamoja. Ukifungua wa tatu au wa tano, barua ile inakuwa kweli. Ngazi tuzipe vinne, vinne nikuwekee mlangoni."

"Ngazi zikipata nusu, mtu atapitia nusu nyingine. Ataanguka, fundi. Mimi nikikosea mlango sivunjiki shingo."

"Utapoteza kazi."

"Najua nitapoteza nini," akasema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, mara ya kwanza tangu nimjue. "Nitahesabu hatua. Ila hatua hupotea mtu akikusalimia, na siku ile watanisalimia wote."

Niliweka vinane kwenye ngazi.

Jumapili mchana nilibakiza kigae kimoja cha kijivu, mbele kabisa ya mlango wa nne, pembeni mwa mstari. Kilikuwa kimoja kati ya vile saba tulivyoving'oa. Nilikuwa nimekwisha kupaka saruji, nimekishika mkononi, niliposikia fimbo imesimama nyuma yangu.

"Fundi, nikuombe jambo baya?"

"Omba."

"Hicho kisishike."

Nilimgeukia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeomba msamaha. Nikaelewa. Kigae kinacholia, mahali pamoja tu, sakafu nzima ikiwa imenyamaza. Fimbo yake ingekijua kati ya elfu.

Mikono yangu ilikataa. Sisemi kwa kutia chumvi: niliiona imekataa. Miaka thelathini na moja sijawahi kumwachia mtu kigae chenye utupu nikijua. Kisha nikakwangua saruji ya katikati, nikaiacha ya pembeni tu, nikakilaza kwa uangalifu ambao sikuwahi kukipa kigae chema. Saa tatu baadaye akakigusa kwa ncha ya fimbo. Kikalia kama debe. Akatabasamu.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Alikuwepo mganga mkuu, walikuwepo wauguzi, Katibu na tai mpya, na mkaguzi, bwana mmoja mwembamba aliyechomeka kalamu sikioni na kuisahau hapo. Katibu aliangalia sakafu, akanitafuta kwa macho. "Jua liko wapi?" akanong'ona. Nilijifanya natazama dari.

Saa tatu kamili Mama Simu akaingia. Akagusa mstari, akaanza. Na kama alivyosema, wote wakamsalimia. Habari za asubuhi, Mama Simu! Umeamkaje, Mama Simu! Akawajibu mmoja mmoja bila kusimama, huyu dokta, yule sista, kila mtu kwa cheo chake. Kwenye vinundu vya njia panda akasimama, akakata kulia, akaingia korido. Nikamfuata kwa mbali.

Mlango wa kwanza. Wa pili. Halafu fimbo ikagonga chuma. Mtu alikuwa ameegesha kitoroli cha mashuka juu ya mstari, mtu asiye na nia mbaya, kama kawaida yao. Mama Simu akakipapasa, akakizunguka upande wa ukutani, akatafuta mstari tena kwa mguu mpaka akaupata. Lakini alisita, nami nikajua hesabu imempotea. Katibu alikuwa ameshatoa nakala yake ya ile barua nusu kutoka mfukoni. Uso wake ulikuwa wa huzuni ya kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Akaendelea. Fimbo kushoto, fimbo kulia. Sauti fupi, nzito. Nyingine fupi, nzito. Akapita mlango mmoja, sikuwa na hakika kama naye anajua ni wa ngapi. Kisha ncha ikashuka, na kigae kikalia.

Akasimama. Akageuka kushoto, akanyoosha mkono, akashika kitasa, akafungua, akaingia. Tukasikia kiti kikivutwa.

Wauguzi walipiga makofi. Mkaguzi hakupiga. Alikuwa ameinama kwenye kile kigae, akakigonga kwa fundo la kidole. Alikuwa mtu wa kazi, huyo.

"Hiki kina utupu. Fundi ni nani?"

"Nilimwonya!" Katibu akadakia. "Ijumaa nilimwonya!"

Ningeweza kusema kimeniponyoka. Nani asingeamini? Kimoja kati ya maelfu. Lakini nilimwona Mama Simu kupitia mlango ulio wazi, anapanga waya zake, na nikaona nikidanganya hapa, kazi yake itakuwa imesimama juu ya uongo wangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekiacha makusudi." Nikaeleza yote mbele ya mganga mkuu na wale wauguzi waliopiga picha: jua, miale, vinundu kumi na sita, ngazi. "Hadi Alhamisi sakafu hii ilikuwa inamdanganya. Angepotea leo, aliyepotea angekuwa mimi. Na vinundu vya mlango huu amevitoa yeye mwenyewe, ili mtu asiyemjua asianguke ngazini."

Mkaguzi akachungulia mlangoni. "Mama, ni kweli ndiwe uliyechagua ngazi?"

"Ngoja kidogo, baba," Mama Simu akamjibu, spika zikiwa masikioni. "Nina mtu kwenye simu."

Mkaguzi akaitafuta kalamu yake, akaikuta sikioni. Akaandika kwamba vinundu viwekwe mlango wa chumba cha simu na kwenye kaunta ndani ya wiki mbili, na kwamba kitoroli kisionekane tena juu ya mstari. Kisha akaiomba ile barua, akaisoma polepole, akamrudishia Katibu.

"Kinachokaguliwa leo ni jengo," akasema. "Nani aliwaambia mnakagua mtu?"

Katibu aliikunja barua mara nne, ikawa ndogo, akaingia chumba cha simu akafunga mlango. Sijui alisema nini humo. Najua alitoka macho mekundu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekisukuma kile kitoroli.

Vinundu vilikuja baada ya wiki mbili. Nikamwambia Mama Simu nimefikiri, nitaviweka pembeni kidogo ili kile kigae chetu kibaki. Kusema kweli nilikuwa nimekipenda.

"King'oe," akasema.

"Lakini ndicho kilichokufikisha."

"Kilinifikisha mimi. Kile ni siri yangu na yako, fundi. Atakayekuja baada yangu ataijulia wapi?"

Kilitoka kizima. Nikakifunga kwenye gazeti, nikakitia kwenye ndoo. Nikalaza vinundu vinne, nikavigonga kimoja kimoja, vyote vimeshika. Nilikuwa nafuta saruji ya mwisho mlango ukiwa wazi niliposikia fimbo ukumbini. Nikainua kichwa. Mama Simu alikuwa amekaa kitini, na fimbo yake imeegemea ukuta. Akavua spika ya sikio moja.

Alitokea mzee mmoja, koti limepigwa pasi, macho yamefumba. Hakuwa na mtu. Alikata kona bila kusita, akaja na mstari, na kwenye vinundu vyangu akasimama.

"Hodi. Hapa ni wapi?"

"Chumba cha simu, mzee wangu. Karibu. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Wodi ya wazazi. Nimepata mjukuu."

"Hongera sana. Rudi na mstari hadi vinundu, kisha shika kulia, utafika kwenye lifti. Ghorofa ya kwanza." Akaegemea meza. "Nani amekuleta, mzee?"

Mzee alikunja uso kama aliyeulizwa swali la ajabu.

"Anilete nani? Nimekuja."

Akageuka na fimbo yake. Mama Simu alibaki amegeuzia uso mlangoni, akisikiliza hatua zile mpaka zilipofika kwenye lifti. Mezani kwake simu ilikuwa inalia. Ililia mara tatu kabla hajaipokea.